Utando wa manjano kooni mwa njiwa: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wafugaji wa Goma

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu maswali ya wafugaji wapya wa njiwa hapa Goma, kuanzia Birere hadi Ndosho, hayabadiliki. Kinda aliyekuwa anakula vizuri juzi, leo ameachama mdomo na hamezi. Ndani ya koo kuna kitu cha manjano, je, ni ndui? Vidonge vya Flagyl vinavyouzwa kwa ajili ya watu vinafaa? Na mbona njiwa alipewa dawa, akapona, kisha makinda waliofuata wakafa vilevile? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini inalijibu hilo, kwa kuwa kumponya ndege mmoja si kazi ngumu sana, lakini kuutoa ugonjwa bandani kunataka kushughulikia wazazi wanaoonekana wazima pamoja na chombo cha maji.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Ugonjwa huu, ambao hapa tutauita trikomona, huletwa na kimelea chenye seli moja kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho Mwitaliano Rivolta alikieleza mwaka 1878. Kinaishi katika ute wa kinywa, koo na gole, yaani ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na huogelea kwa vijimkia vyake. Hakina ganda la kukilinda, kwa hiyo kikikauka kinakufa. Kikiwa katika maji au katika nafaka iliyolowa kinaweza kudumu muda wa kutosha kumfikia ndege mwingine. Njiwa wengi wakubwa wanacho bila kuugua. Hukipitisha kwa makinda kupitia maziwa ya gole wanayowalisha siku za kwanza, kwa wenzao wanapolishana midomo wakati wa kupandana, na kwa banda zima kupitia maji ya kunywa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze kumshika ndege hata mmoja kabla vitu hivi havijawa mkononi, kwa sababu kumkamata njiwa mgonjwa mara tatu kwa ajili ya kutafuta tochi kunamchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

- Mizani ya jikoni inayopima gramu, na kikapu au boksi dogo la kumtia ndege wakati wa kupima.
- Tochi, au taa ya simu, na mtu wa kukushikia.
- Sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Nunua kadhaa.
- Metronidazoli (ndiyo dawa iliyomo katika Flagyl) kutoka farmasi: vidonge vya miligramu 250, au dawa ya maji ya watoto yenye miligramu 125 katika kila mililita 5. Soma tarehe ya kuisha na usome kipimo kwenye chupa, kwa kuwa zipo chupa zenye nguvu tofauti.
- Tundu au boksi la pembeni kwa ajili ya wagonjwa.
- Vyombo vya maji seti mbili, brashi, na javeli (dawa ya maji yenye klorini ya kusafishia).
- Daftari na kalamu, na uzi wa rangi wa kufunga mguuni ili usiwachanganye ndege.

Hatua ya 1: Tenga wagonjwa na uondoe maji yaliyopo

Watoe njiwa wanaoachama, wanaodondosha ute, wanaookota punje na kuitupa, au waliojikunja manyoya yakiwa yamesimama. Waweke mahali pakavu pasipopitiwa na upepo, maana usiku wa Goma ni wa baridi na ndege asiyekula hana joto la kutosha. Kinda mdogo asiyejilisha abaki na wazazi wake, ila mtenge pamoja nao, kiota kizima. Kisha mwaga maji yote ya banda siku hiyo hiyo, kabla hujafikiria dawa.

Hatua ya 2: Kagua kinywa cha kila ndege, si cha mgonjwa peke yake

Mfunge njiwa kwa kitambaa chepesi ili mabawa yatulie, lakini usimbane kifua, kwa kuwa ndege hupumua kwa kupanua kifua na ukimbana atazimia mikononi mwako. Fungua mdomo kwa kidole gumba na cha shahada, mwenzako amulike. Kinywa kizima ni cha rangi ya waridi, kina unyevu kidogo, na hakina harufu. Kinywa cha mgonjwa kina ute mwingi unaonata na kuvutika kama nyuzi. Baadaye hutokea vidoa vyeupe au vya manjano kwenye kaakaa na pembeni mwa ulimi, navyo hukua na kuungana hata vikafanana na vipande vya jibini la Masisi vilivyobandikwa kooni. Harufu yake ni mbaya, na ukishaijua utaitambua kabla hujamulika.

Papasa pia shingo na gole kwa vidole: uvimbe mgumu usiosogea kama nafaka unaweza kuwa utando ulioko ndani, usioonekana kinywani. Kwa makinda, geuza na utazame kitovu, kwa kuwa kiota kichafu huweza kupitishia kimelea hapo na kufanya uvimbe wa manjano chini ya ngozi. Makinda wa umri wa wiki moja hadi wiki nne ndio wanaoshambuliwa vibaya zaidi, na wengine hufa ini likiwa limeharibika bila kuonyesha kitu kinywani.

Andika kila ndege katika daftari: rangi, uzi, uzito, na ulichokiona. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo itakayokuambia wiki ijayo kama dawa imefanya kazi.

Hatua ya 3: Hakikisha si ugonjwa mwingine

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa si kila kitu cha manjano kinywani ni trikomona.

Ndui ya ndege ina aina inayoshika kinywa. Mara nyingi utaona pia vipele vyenye magamba kwenye kope, pembeni mwa mdomo au miguuni, na utando wa ndani umeshika sana kiasi kwamba ukiugusa unatoa damu. Metronidazoli haifanyi lolote kwa ndui, kwa sababu ndui ni virusi.

Upungufu wa vitamini A hutoa vipele vidogo vyeupe vingi, vinavyotawanyika kinywani na kooni, kwa ndege waliolishwa mahindi meupe au mchele mtupu kwa muda mrefu. Mahindi ya njano, lengalenga iliyokatwakatwa, na matone machache ya mawese kwenye nafaka husaidia, ila matokeo hayaonekani kesho yake.

Kuvu ya kinywa na gole huacha utando mweupe laini, mara nyingi baada ya ndege kupewa antibiotiki kwa wiki nyingi bila sababu. Gole huwa limelegea na harufu ni ya uchachu.

Ndege anayenyoosha shingo na kutweta huku kinywa chake kikiwa safi kabisa, hasa kama ni kuku, huenda ana minyoo ya koo la hewa. Minyoo haiuawi na dawa hii. Inahitaji dawa ya minyoo.

Hatua ya 4: Pima kwa hadubini, kama unaweza kuipata

Hili si la lazima, lakini linamaliza ubishi. Lowesha kijiti cha pamba kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa kidogo, kipitishe kooni hadi mwanzo wa gole, kisha kipangusie kwenye kioo chenye tone la maji hayo hayo. Kioo kitazamwe papo hapo, kwa kuwa kimelea kikipoa huacha kucheza, na kilichoacha kucheza hakitambuliki kwa urahisi. Anayetazama ataona vitu vidogo vyenye umbo la tone vikijirusha kwa mshtuko bila mwelekeo. Maabara ya kliniki yoyote ya mtaani yenye hadubini inaweza kufanya kazi hii ikiwa fundi wake anakubali. Mpeleke ndege mwenyewe katika kikapu, usipeleke kijiti kilichokaa mfukoni mwa saa nzima. Kutoona kitu mara moja hakuthibitishi kwamba hakipo.

Hatua ya 5: Pima uzito na ukokotoe dawa

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi na madaktari wa ndege ni miligramu 25 hadi 50 za metronidazoli kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Kama kuna veterineri karibu nawe, mwonyeshe daftari lako kabla ya kuanza.

Saga kidonge kimoja cha miligramu 250 kiwe unga laini kabisa, ukichanganye na mililita 10 za maji safi. Sasa kila mililita 1 ina miligramu 25, sawasawa na ile dawa ya watoto ya miligramu 125 kwa mililita 5. Unga hautayeyuka wote. Kwa hiyo tikisa kila unapovuta sirinji, la sivyo ndege wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata sumu.

- Kinda wa gramu 100: mililita 0.15
- Kinda wa gramu 200: mililita 0.3
- Njiwa wa gramu 300: mililita 0.4
- Njiwa wa gramu 350: mililita 0.5
- Njiwa wa gramu 400: mililita 0.6

Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku. Vipimo hivi ni vya njiwa. Ndege wadogo sana wala-mbegu hudhurika upesi na dawa za jamii hii, kwa hiyo usiwapigie hesabu kwa jedwali la njiwa. Kasuku wa kijivu pia awe mikononi mwa mtaalamu. Isitoshe, huyo ni ndege anayelindwa: tangu uamuzi wa mwaka 2016 yumo katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, inayokataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini.

Hatua ya 6: Toa dawa mdomoni, kwa ndege wote, siku moja

Nyuma ya ulimi kuna tundu dogo linalofunguka na kufumba: hilo ni la pumzi. Dawa ikiingia hapo ndege anaweza kufa papo hapo, au baada ya siku chache kwa homa ya mapafu. Ingiza ncha ya sirinji kutoka upande wa kushoto wa mdomo wa ndege, ielekee kulia na nyuma ya lile tundu, usukume polepole kwa mafungu mawili au matatu, ukimwacha ameze kila mara. Usimlaze chali.

Wape ndege wote wa banda, wakiwemo wazima, na kuku pia ikiwa wanakunywa chombo kimoja na njiwa, kwa kuwa nao huweza kuambukizwa. Kuku wapewe kwa uzito wao na kwa ushauri wa veterineri. Mfugaji anayemtibu mgonjwa peke yake anamrudisha kwenye maji yale yale na kwa mwenzi yule yule aliyemwambukiza.

Wengi huuliza kama si rahisi zaidi kutia dawa katika maji. Ni rahisi, ndiyo, lakini dawa hii ni chungu, mgonjwa hanywi, na msimu wa mvua njiwa wa hapa wana maji mengine: kila shimo la jiwe la volkano uani limejaa. Dawa inabaki chomboni na wewe unadhani imeingia gole.

Onyo la pili ni la chungu cha jikoni. Njiwa na kuku waliopewa metronidazoli wasiliwe, wala mayai yao. Umoja wa Ulaya na Marekani zimepiga marufuku dawa za jamii hii kwa wanyama wa kuliwa. Basi amua mapema: ndege uliyekusudia kumchinja, mtoe bandani kabla hujaanza dawa, na asiuzwe akiwa hai kwa mtu atakayemfuga.

Hatua ya 7: Usibandue utando

Tamaa ya kuukwangua kwa kijiti ni kubwa, na wapo wanaoshauri chumvi na ndimu. Acheni. Chini yake kuna nyama mbichi na mishipa, na ndege mdogo hana damu ya kumwaga. Dawa ikifanya kazi, utando unakauka na kulegea wenyewe, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba. Kipande kilichokwisha kuachia na kinachoning'inia unaweza kukitoa kwa kibano butu, bila kuvuta. Vitunguu saumu, siki na mwarobaini havimponyi ndege aliyekwisha kuziba koo, na vinakula siku ambazo hana.

Hatua ya 8: Mlishe asiyeweza kumeza

Njiwa mgonjwa hufa kwa njaa kabla ya kufa kwa kimelea. Ikiwa koo bado lina nafasi, loweka njegere kavu usiku kucha, zichemshe kidogo, zipoe ziwe vuguvugu, kisha mpe moja moja nyuma ya ulimi, ukingoja ameze. Anza na punje 10 hadi 15 asubuhi na nyingine jioni, kisha uongeze ukiona anameza vizuri na gole linaisha chakula. Ikiwa koo ni jembamba, tengeneza uji mwepesi wa soya na mahindi uliochujwa, umpe matone kando ya mdomo. Gusa gole kabla ya kila mlo: likiwa bado limejaa chakula cha asubuhi, usiongeze, kwa sababu chakula kinachochachukia ndani humaliza kazi iliyoanzwa na ugonjwa.

Hatua ya 9: Maji

Hatua hii ingeweza kuwa ya kwanza. Njiwa hanywi kama kuku anayechota na kuinua kichwa. Yeye huzamisha mdomo na kuvuta maji kwa mfululizo, na anapotoa mdomo huacha ute wake humo. Simama karibu na chombo jioni wakati wanakunywa, utaona nyuzi za ute zikielea.

Najua jibu linalokuja: maji ya Goma yanatafutwa, yanabebwa kutoka ziwani au yananunuliwa kwa bidoni, hakuna wa kuyamwaga ovyo. Lakini fanya hesabu. Njiwa 10 wakubwa hunywa kama nusu lita kwa siku. Ukiwawekea nusu lita asubuhi na nusu lita mchana, bidoni moja ya lita 20 inatosha siku 20. Kinachopoteza maji ni kujaza beseni la lita tano ili likae siku nne, likigeuka kuwa supu.

Kwa hiyo: chombo kiwe kidogo, kisichokwaruzika, cha bati lenye rangi ya enameli, kauri au kioo, kiinuliwe ili njiwa wasiingize miguu. Ile bidoni ya njano iliyokatwa kwa kisu, ambayo imo karibu katika kila banda, haifai kwa kazi hii. Plastiki yake ina mikwaruzo inayoshika utelezi usiotoka kwa brashi. Kila jioni toa seti ya kwanza, isugue, iloweke dakika 10 katika lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha javeli, isuuze, kisha iachwe ikauke kabisa hadi kesho jioni, ikiwezekana juani, wakati seti ya pili inatumika. Kukauka ndiko kunakoua. Usichanganye javeli na siki wala ndimu, kwa kuwa mvuke wake unachoma mapafu yako na ya ndege.

Jaza changarawe mashimo ya mawe yanayotuamisha maji uani. Na njiwa wa porini wanaoshuka kunywa kwenye chombo chako wana vimelea vyao. Weka maji ndani ya banda, si nje.

Hatua ya 10: Kagua tena, na upange uzazi

Siku baada ya dozi ya mwisho, rudia hatua ya 2 kwa daftari mkononi. Wagonjwa wabaki wametengwa mpaka kinywa kiwe safi na uzito uanze kurudi. Jozi zinazopoteza makinda mara kwa mara zitibiwe wakiwa wanaatamia, kabla mayai hayajaanguliwa baada ya siku 17 hadi 19, ili maziwa ya gole yaanze yakiwa safi. Ndege mpya kutoka sokoni akae peke yake wiki mbili hadi tatu, na akaguliwe kinywa siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Mambo yanapokwenda kombo

*Dawa imeisha na utando haujapungua.* Pima tena uzito na kipimo ulichotoa. Kosa la hesabu ni la kawaida kuliko kimelea sugu. Kisha fikiria ndui. Vimelea sugu kwa dawa za jamii hii vipo kweli, hasa penye mazoea ya kutoa dozi ndogo kila mwezi "kwa kuzuia", na hapo veterineri ndiye wa kuamua dawa au kipimo kingine, kwa kuwa hata ronidazoli na karnidazoli ni za jamii hii hii na huenda zisifanye kazi.

*Njiwa anapepesuka au kichwa kinatetemeka katikati ya matibabu.* Simamisha dawa, mpe maji na giza, na uhesabu upya: dozi iliyozidi hushika mishipa ya fahamu. Kama kichwa kilikuwa kimepinda kabla ya dawa, au ndege kadhaa wanazunguka, huenda ni kideri cha njiwa, ugonjwa wa virusi, na hilo linahitaji kuarifu ofisi ya mifugo ya mkoa.

*Alitapika dawa.* Akitapika papo hapo na ukaiona, rudia nusu. Baada ya robo saa, usirudie, ngoja kesho.

*Mavi ni ya kijani na majimaji, kinywa ni safi.* Mavi ya kijani huonyesha kwamba ndege hali chakula, na magonjwa mengi hufanya hivyo. Usitoe metronidazoli kwa dalili hiyo peke yake.

*Makinda wa kila uzazi hufa wakiwa na siku kumi hivi, bila dalili.* Mpasue mmoja aliyekufa sasa hivi, au mpeleke kwa veterineri akiwa bado mbichi. Madoa ya manjano kwenye ini au utando ndani ya gole vitakuonyesha wazazi wa kutibu. Mzoga ufukiwe; asipewe mwewe au bundi unayemfuga, kwa kuwa ndege wala-nyama huupata ugonjwa huu kwa kula njiwa.

*Mtoto wa nyumbani amemshika mgonjwa.* Kimelea hiki hakijulikani kuwaambukiza watu. Hata hivyo njiwa hubeba pia salmonela na magonjwa mengine yanayomfikia binadamu, kwa hiyo anawe mikono kwa sabuni, na sirinji zilizotumika zisirudi katika sanduku la dawa za familia.

*Utando umeziba tundu la pumzi na ndege anabadilika kuwa wa buluu mdomoni.* Hakuna dawa ya kinywa itakayomwahi. Kama veterineri hayuko karibu kiasi cha kufikiwa saa hiyo, mwondolee mateso kwa haraka, kisha urudi kwa wenzake waliobaki na uanzie hatua ya 1.